Anayekuuzia sindano ya kukonda akuulize maswali kwanza

Mhariri,

Salamu kutoka Nakuru. Naandika juu ya hizi sindano za kupunguza mwili, Ozempic, Wegovy, Mounjaro na wenzao, manake kila nikifungua gazeti napata moja kati ya mambo mawili, ama ni msanii amekonda na picha zake za kabla na baada zimejaa ukurasa mzima, ama ni kichwa cha habari cha kutisha ati dawa inapofusha watu. Msomaji akimaliza zote mbili bado hajajua kile alikuwa anatafuta, yaani yeye mwenyewe, na mwili wake, na magonjwa yake, na dawa zingine anazomeza, faida yake ni kiasi gani na hatari yake ni kiasi gani. Mimi nafanya kazi kwa kemisti hapa mjini na hilo ndilo swali linaletwa kwa kaunta, mara nyingi kwa sauti ya chini, mtu anangoja wateja wengine watoke ndio aulize.

Wacha niseme msimamo wangu mapema. Sipingi hizi dawa. Ninachopinga ni kuuziwa na mtu ambaye hajakuuliza hata swali moja, juu hakuna binadamu anaweza kujua kama hii sindano itakufaa ama itakuumiza bila kujua wewe ni nani.

Tena sitaki kusikia watu wakiwacheka wenye wanaulizia. Ule utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulipata karibu wanawake 45 kwa kila 100 wa miaka 20 hadi 49 hapa Kenya wana uzito uliopita kiasi, hiyo ni karibu nusu ya akina mama, dada zetu, walimu wa watoto wetu. Presha, sukari na magoti ya kuuma vinakuja na huo uzito. Mtu amejaribu kuacha chapati, amejaribu kutembea asubuhi kuzunguka Milimani, amejaribu zile chai za kuendesha tumbo ambazo zilimlia pesa bure, halafu anasikia kuna dawa inafanya kazi kweli. Na inafanya. Ile dawa inaitwa semaglutaidi, ndio iko ndani ya Ozempic na Wegovy, ilijaribiwa kwa watu 1,961 na matokeo yakachapishwa 2021, wale waliodungwa kwa wiki 68 walipunguza kama 15 kwa 100 ya uzito wao, wale waliodungwa sindano tupu, yaani isiyo na dawa, wakapunguza kama 2 na nusu. Mtu wa kilo 100 anabaki na 85. Mounjaro, ambayo ndani ni tirzepataidi, imeonyesha hata zaidi ya hapo kwa dozi ya juu. Kwa hivyo anayesema ni uongo wa mtandao amekosea.

Lakini kwa hiyohiyo dozi ya kukonda ya semaglutaidi, kwa kila watu 100 waliotumia, 44 walipata kichefuchefu, 30 wakaendesha, 24 wakatapika, na 24 wakakosa choo. Kwa wale wa sindano tupu kichefuchefu kilikuwa 16 na kutapika 6, maanake si kila tumbo lililosumbua lilisumbuliwa na dawa, ila tofauti ni kubwa na inaonekana wazi. Wengi ilikuwa inakuja dozi ikiongezwa halafu inatulia baada ya muda. Watu kama 7 kwa 100 waliacha kabisa kwa sababu ya madhara. Hizi namba mimi huzisoma kwa mteja zote mbili, ile ya 15 na ile ya 44, na huwa naona uso wake ukibadilika, juu aliyemtumia picha kwa simu alimpea ile ya kwanza peke yake.

Sababu ya huo usumbufu ni ileile inayokukondesha. Dawa inaiga homoni ambayo utumbo wetu hutoa tukila, inaambia ubongo umeshiba na inafanya chakula kikae sana kwa tumbo. Ndio maana mtu akidungwa halafu ajaze sahani kama kawaida, ugali kubwa na nyama ya mafuta, usiku atalia. Na ndio maana dozi inaanzwa chini sana, miligramu 0.25 kwa wiki kwa mwezi mzima, kisha 0.5, kisha 1, inapanda polepole hadi 2.4. Anayeruka hizo ngazi ati anaharakisha sherehe ya Desemba anajitafutia kutapika. Na hii dawa ikishaingia haitoki haraka, nusu yake bado iko mwilini wiki moja baadaye, kwa hivyo ukijizidishia leo hakuna sindano nyingine ya kuirudisha nje, utakaa nayo siku baada ya siku.

Watu husema ah, kutapika tu, si hata mimba hutapisha. Hapana. Mtu akitapika na kuendesha bila kurudisha maji, figo zinaweza kuumia, na kule magharibi, Kisumu na Busia, maji yanaisha mwilini haraka zaidi juu ya joto. Kuna mambo mengine ya nadra lakini mazito. Mawe kwenye nyongo, ilikuwa kama watu 16 kwa 1,000 kwa waliotumia dawa na 7 kwa 1,000 kwa wasiotumia, kukonda haraka kwenyewe pia huleta hayo mawe. Kongosho kuvimba, hiyo ni nadra zaidi lakini inaua. Ukipata uchungu mkali juu ya tumbo usioisha, unaingia hadi mgongoni, na unatapika, hiyo si ya kumeza dawa za asidi na kulala, hiyo ni ya kwenda hospitali usiku huohuo na kusema wazi kwamba unajidunga hii sindano. Wengi hawasemi, wanaona aibu. Daktari anatafuta vidonda vya tumbo kumbe jibu liko kwa friji ya mgonjwa.

Sasa hatari ya macho ambayo magazeti yameipenda. Shirika la dawa la Ulaya lilisema Juni 2025 kwamba kuna ugonjwa wa mshipa wa jicho kukosa damu ambao unaweza kumpata mtu mmoja kati ya 10,000 wanaotumia semaglutaidi. Ni kweli, na ukiona jicho limepoteza nguvu ghafla acha dawa na ukimbie kwa daktari. Lakini linganisha mmoja kwa 10,000 na wale 24 kwa 100 wanaotapika, kisha uniambie kwa nini ya kwanza ndio inapata herufi kubwa. Kuna pia onyo la saratani ya tezi ya shingo, hilo lilitokana na panya wa maabara, kwa binadamu halijathibitishwa, ila kama kwenu kuna mtu amewahi kuugua ile aina adimu ya saratani ya tezi inayorithiwa, hii dawa si yako. Hilo ni swali moja tu, linachukua dakika moja kuuliza, na wanaouza kwa WhatsApp hawaliulizi.

Hapa ndipo naomba wasomaji wakae na mimi kidogo, juu ndio kiini cha barua yangu. Hatari ileile inaweza kuwa ndogo kwa mtu mmoja na kubwa mno kwa mwingine, na madhara hayajabadilika, kilichobadilika ni kile anachopata. Chukua mzee amepata shambulio la moyo na uzito wake uko juu. Kuna utafiti wa watu zaidi ya 17,600 wa namna hiyo, ulitoka Novemba 2023, uliwafuata kwa zaidi ya miaka 3. Kwa wasiotumia dawa, 8 kwa kila 100 walipata shambulio la moyo, kiharusi au wakafa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa. Kwa waliotumia semaglutaidi ilikuwa 6 na nusu. Kwa huyo mzee, wiki kadhaa za kichefuchefu ni bei anaweza kukubali, hata mimi ningemwambia mzee wangu azungumze na daktari wa moyo kuhusu hii kitu. Vilevile kwa mama wa sukari ambaye vidonge vya sukari vya metfomini vimeshindwa na figo zimeanza kuchoka. Ozempic yenyewe ilipitishwa Marekani 2017 kama dawa ya sukari, hii ya kukonda ilikuja baadaye na jina la Wegovy, 2021.

Halafu chukua msichana wa miaka 23 anataka kutoa kilo 5 ili gauni la kusimamia harusi limkae. Hana presha, hana sukari, uzito wake ni wa kawaida. Zile tafiti zote nimetaja hazikumhusisha mtu kama yeye, walichukua watu wanene kweli ama wenye uzito wa kupita pamoja na ugonjwa. Yeye hana moyo wa kuokolewa wala figo ya kulindwa, kwa hivyo anabeba madhara yote na faida yake ni picha. Nimemwambia hivyo msichana mmoja kwa upole, akanijibu kuna mtu mtaa wa Section 58 atamuuzia bila maneno mengi. Na ni kweli angempata. Hiyo ndiyo ilinifanya nishike simu niwaandikie.

Hayo maneno mengi ambayo muuzaji anakuepushia ndio yanakulinda. Mfano dawa za sukari. Watu wengi wetu wako kwa insulini au vile vidonge vya glibenklamaidi vya kliniki, ukiongeza hii sindano juu yake bila daktari kupunguza zile zingine, sukari inaweza kushuka hadi mtu anaanguka barabarani, na kwa vile hasikii njaa hata chai ya sukari hataitafuta. Tena mwenye sukari ya miaka mingi apimwe macho kabla ya kuanza, juu sukari ikishuka kwa kasi macho ambayo tayari yameguswa yanaweza kuzidi kuharibika.

Ama upangaji uzazi. Hii naiona haisemwi kabisa. Mounjaro inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, sana sana mwanzoni na kila dozi ikipandishwa, mama anashauriwa kutumia kondomu kwa wiki 4 kila wakati huo au kubadilisha njia. Ile sindano ya miezi 3 au kijiti cha mkononi havina hiyo shida. Na hizi dawa hazifai kwa mwenye mimba, semaglutaidi inaachwa miezi 2 kabla ya kutafuta mtoto. Uingereza walitoa onyo rasmi kwa wanawake Juni 2025 juu ya hili. Mtu mnene ambaye hedhi zake zilikuwa zimevurugika akianza kukonda, mayai yanaweza kurudi kufanya kazi bila yeye kujua. Kwa hivyo mama wa watoto wanne kule Kondele, Kisumu, ambaye alijua ameshafunga hesabu anaweza kushtuka, na hakuna mtu alimwambia.

Upasuaji pia. Kwa sababu chakula kinakaa tumboni, mtu amefunga kula tangu jana usiku kama alivyoambiwa lakini tumbo bado lina kitu, akipewa dawa ya usingizi kinaweza kupanda na kuingia kwa mapafu. Mwambie mtu wa nusukaputi, tafadhali, hata kama ni upasuaji mdogo.

Na kuna jambo ambalo haliko kwa karatasi ya maelezo juu hiyo karatasi haikuandikiwa Kisumu wala Busia. Kwa kina nani tena kukosa hamu ya kula, kutapika na kuchoka ni dalili ya malaria kama si kwa watu wa ziwa? Mtu anajidunga Jumapili, Jumanne anatapika, anasema ni dawa inafanya kazi, anavumilia, kumbe ni malaria na inaendelea kukomaa. Na hata akipimwa apewe zile tembe, akizitapika hazijamsaidia, na ni tembe ambazo zinataka mtu ale kitu ndio ziingie vizuri mwilini, sasa huyu hawezi kula. Hivohivo mtu anayekonda na kukohoa, kila mtu anampongeza ati sindano imekubali, na hakuna anayefikiria kifua kikuu. Mimi nashauri hivi, uko kwa hii sindano na joto la mwili limepanda, nenda upimwe malaria siku hiyohiyo, sindano yenyewe haileti homa.

Twende kwa biashara yenyewe. Nimeonyeshwa kwa simu vichupa vidogo visivyo na karatasi yoyote ndani, vinauzwa na sirinji za insulini, mnunuzi anaambiwa avute hadi alama fulani. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo Julai 2024 kwamba watu waliokuwa wakijipimia semaglutaidi kutoka kwa vichupa walijidunga dozi mara 5 hadi 20 ya ile waliyoandikiwa, wengine wakaishia hospitali, na hao ni watu wa Marekani wenye daktari wa kupigia simu. Juni mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa kuna Ozempic bandia zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Kama feki ilipita huko, mnadhani parseli ya kwa basi kutoka sijui wapi iko salama kwa sababu ina stika nzuri?

Joto ndio naogopa zaidi. Peni, yaani kile kifaa cha kujidungia chenye dawa ndani, kama haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwa friji kati ya digrii 2 na 8, isigande. Ikishaanza kutumika, ile ya Ozempic inaweza kukaa nje kama wiki 8 lakini isizidi digrii 30. Nakuru kuna baridi kidogo, unaweza kubahatika. Kisumu mchana inakaribia hizo 30 kwa kivuli, sasa ndani ya buti ya matatu je, ama kwa dashibodi kutoka Ahero? Stima nayo ikipotea usiku mzima friji inakuwa kabati. Dawa iliyoharibika na joto haikupigii kelele wala kunuka, unalipa pesa ya kodi ya nyumba na unajidunga maji, ukiona hukondi unaongeza dozi, halafu peni inayofuata ni nzima na inakupata na dozi kubwa. Nikiuliza mtu kama aliyemuuzia ana friji huwa anacheka kidogo, hajawahi kufikiria.

Tena kuna hii ya marafiki wawili kuchanga wanunue peni moja, kila mmoja na sindano yake ya kubadilisha. Msifanye hivyo. Damu inaweza kurudi ndani ya peni hata ukibadilisha ncha, na magonjwa ya damu tunayajua.

Halafu ile ambayo muuzaji hataki uulize, utaacha lini? Wale watu wa utafiti walipoacha sindano, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya kilo walizotoa, na presha nayo ikaanza kurudi. Sehemu ya kilo unazotoa ni misuli, ndio maana unahitaji kula mayai, maharagwe, omena, na kutumia nguvu za mwili, lakini kilo zikirudi nyingi ni mafuta. Kwa hivyo mtu mwenye pesa ya miezi 3 tu ajue anachonunua ni miezi 3. Kwa mgonjwa anayehitaji, hii ni dawa ya muda mrefu kama ya presha, na hata Shirika la Afya Duniani lilipoziweka kwa orodha ya dawa muhimu Septemba 2025 ziliwekwa kwa wenye sukari walio na unene na magonjwa ya moyo au figo, sio kwa gauni. Bei yenyewe ndio inauma roho, mama wa sukari anayestahili kwa kliniki hana uwezo wa kuipata na mwenye afya yake anainunua kwa simu.

Nina maombi. Kwa wenzangu wa kemisti, hii ni dawa ya kuandikiwa na daktari, tuache kuificha chini ya kaunta na kuitoa kwa anayelipa, na akikuja na karatasi ya daktari bado muulize anameza nini, ana mimba, kwao kuna saratani ya tezi, amewahi kuumwa na kongosho, ana friji. Kwa madaktari wetu, msiwafokee watu wanene hadi wakimbilie WhatsApp, wengi wamefika huko juu ya vile waliongeleshwa kliniki. Kwa wasomaji, ukipata madhara, Bodi ya Famasia na Sumu inapokea ripoti hata kutoka kwa mwananchi wa kawaida, si lazima uwe daktari, na bila hizo ripoti tutaendelea kusoma namba za Marekani na Ulaya tu na hakuna mtu atajua hii dawa inatutenda aje sisi wa huku na malaria yetu na joto letu.

Na kwenu Mhariri, siku nyingine mkichapisha picha ya kabla na baada, pembeni yake wekeni hayo maswali ya kuuliza kabla ya kujidunga na dalili za kumkimbiza mtu hospitali: uchungu wa tumbo usioisha, kutapika hadi maji hayakai, jicho kupoteza nguvu, ngozi na macho kuwa manjano. Nafasi ni ndogo, najua, lakini hiyo inaingia hata chini ya picha.

Mtu wa kemisti,
Nakuru